Kichwa haiishe kuuma, na bado banatuandikia dawa ya palu (malaria)

Bwana muhariri, jambo. Ile munaandikaka juu ya SIDA iko muzuri, lakini munasahau kuvu ya kwenye bongo, ile ba docta banaita kriptokoka. Mutu wa SIDA anaumwa kichwa wiki mbili tatu, shingo inakaza, macho inaona mbili mbili, na kila mara banamupatia dawa ya palu, kisha ya tifoide, mpaka feza inaisha. Kumbe kuna test ya tone moja ya damu, kijikaratasi tu, dakika kumi hivi inajibu, haiombe hata mashini! OMS, shirika la afya la dunia, inasema mutu wa SIDA mwenye CD4 (hesabu ya askari ba mwili kwenye damu) chini ya 100 apimwe hata kama hasikie kitu. Ikionekana kwenye damu, njo banatoboa mgongo kuona kama imefika kwenye bongo. Dawa nayo, ikiwa imefika kwenye bongo, tangu 2022 banashauri dawa tatu za kuua kuvu: amfoterisini B ya liposomu, dozi moja kubwa siku ya kwanza, pamoja na flusitosini na flukonazoli siku 14. Flukonazoli peke yake, ile tunajiuziaka kwa farmasi, haitoshe. Na ARV, dawa za SIDA zenyewe, kama mutu hajazianza, inangoja wiki nne mpaka sita, ukiharakisha inaweza kuua. Sasa wakubwa wa afya wa mkoa batuambie: hiyo flusitosini tutaipata wapi hapa Bukavu?

Mama mumoja wa Kadutu