Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya: Wasemee Wanaokusanya Ushahidi Palestina na Israel

Mheshimiwa Waziri,

Tangu Januari 2025 Kenya imekuwa na kiti katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva, na muhula wake utaendelea hadi mwisho wa 2027. Nakuandikia kwa sababu ya kiti hicho. Siiombi serikali ichague upande katika mzozo wa Waisraeli na Wapalestina. Naiomba iwasemee watu wanaokusanya ushahidi wa yanayotendeka huko, ambao siku hizi ndio wanaoadhibiwa.

Oktoba 2021 Wizara ya Ulinzi ya Israel iliyatangaza mashirika sita ya kiraia ya Wapalestina kuwa ya kigaidi, yakiwemo Al-Haq, la haki za binadamu, lililoasisiwa Ramallah katika Ukingo wa Magharibi mwaka 1979, na Addameer, linalowatetea wafungwa. Nchi tisa za Ulaya, Ujerumani na Ufaransa zikiwa miongoni mwao, zilitangaza Julai 2022 kwamba hazikupewa maelezo yoyote mazito ya kuzifanya zibadili sera yao kwa mashirika hayo. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Agosti, wanajeshi wa Israel walizivamia ofisi za mashirika hayo, wakachukua vifaa, kisha wakaziba milango kwa vyuma vya kuchomelea. Mwenye ushahidi huupeleka mahakamani. Sioni alikuwa na haja gani ya mashine ya kuchomelea.

Wanachokifanya watu hawa kilionekana Hebron, mji wa Ukingo wa Magharibi, tarehe 24 Machi 2016. Mpalestina aliyeshiriki kumchoma kisu askari wa Israel alikuwa amelala barabarani, amejeruhiwa, hana nguvu tena ya kumdhuru mtu. Askari mwingine, mhudumu wa matibabu, alimlenga kichwani akampiga risasi. Mkazi mmoja wa mtaa huo alikuwa akirekodi kwa kamera; alikuwa akijitolea na B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Waisraeli wenyewe ambalo tangu 2007 limewagawia Wapalestina kamera ili warekodi maisha yao chini ya jeshi. Mahakama ya kijeshi ilimtia askari yule hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa miezi 18, na akakaa gerezani takriban tisa tu. Kwangu adhabu hiyo ni ndogo mno, lakini pasipo video ile sidhani kama hata hiyo ingetolewa.

Wapo wanaodai kwamba kazi hii ni propaganda ya upande mmoja. Lakini Raji Sourani, mwanasheria aliyeasisi Kituo cha Wapalestina cha Haki za Binadamu huko Gaza, alifungwa na Israel zaidi ya mara moja. Mwaka 1995 akakamatwa na Mamlaka ya Palestina kwa kuzikosoa mahakama zake za usalama, na Oktoba 2023 nyumba yake ikapigwa bomu. Vilevile tume ya uchunguzi ya Baraza hilo hilo la Haki za Binadamu, iliyoongozwa na Navi Pillay, aliyewahi kuwa jaji wa mahakama ya Rwanda iliyoketi Arusha, ilisema Juni 2024 kwamba makundi yenye silaha ya Wapalestina yalitenda uhalifu wa kivita yalipoishambulia Israel tarehe 7 Oktoba 2023, na kwamba Israel nayo ilitenda uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu katika Gaza. Miongoni mwa waliouawa siku ile walikuwemo vijana wawili wa Tanzania waliokwenda Israel kusomea kilimo, na mwili wa mmoja wao ulikaa Gaza zaidi ya miaka miwili kabla ya kurudishwa. Familia zao zinamhitaji mchunguzi asiye na hofu sawasawa na familia za Khan Younis kule Gaza. Tume hiyo, hata hivyo, haikuruhusiwa na Israel kuingia.

Septemba 2025 Marekani nayo iliyawekea vikwazo mashirika ya Al-Haq, Al Mezan, la haki za binadamu huko Gaza, na kituo cha Sourani, ikitaja ushirikiano wao na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Sihitaji kukueleza, Mheshimiwa, shahidi akitishwa kesi huishia wapi. Kesi za Wakenya katika mahakama hiyo hiyo, kule The Hague, zilivunjika kati ya 2014 na 2016, na majaji hawakuficha kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa.

Kwa hiyo naomba ujumbe wetu Geneva, katika kikao kijacho kitakachojadili maeneo ya Wapalestina yanayokaliwa, uitake Israel hadharani ifute tangazo la 2021 na kuruhusu wachunguzi huru waingie Gaza. Uitake Marekani iondoe vikwazo vyake. Na uwatake Hamas na Mamlaka ya Palestina waache kuwasumbua wanaoandika makosa yao. Naomba pia hotuba hiyo ichapishwe na wizara yako, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili wananchi tujue kilichosemwa kwa niaba yetu.

Wako mwaminifu,
Mwananchi, Mombasa