Bunduki ya shabaha niliyouziwa

Kibokoni, Mombasa

Swahiba wangu,

Assalam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku sote wazima, ila joto la kaskazi latuchoma.

Juzi uliniuliza kwa simu habari za bunduki mpya nikakukatiza. Nilikuwa ndani ya matatu, na mambo ya bunduki hayasemwi mbele ya abiria. Sasa nakwambia: nimeuziwa bunduki mbovu, na aliyeniuzia hataki kunisikiliza.

Wajua nilivyoitamani. Tangu enzi zile tukilala kifudifudi uwanjani, tukipokezana bunduki kuukuu ya klabu yetu ya shabaha, nilikuwa nikisema iko siku nitapata yangu: .22 ya shabaha, ile ya risasi ndogo, mtutu mzito, kitako cha mbao. Nikajinyima miaka, nikapita kwa polisi na kwa Bodi ya Leseni za Silaha hadi nikapata cheti. Duka la huko Nairobi likataka malipo yote kabla ya kuagiza, nikalipa.

Ilipofika ilipendeza macho. Nikaipeleka uwanjani, nikaweka karatasi ya shabaha mita 50. Hukusahau kile kiduara cha kumi, cha katikati chenye alama nyingi kuliko vyote, upana wake milimita 10.4 tu. Risasi ya kwanza ikaingia nane, juu. Ya pili ikaruka hadi sita, kulia. Ya tatu katikati kabisa, nikashusha pumzi. Ya nne ikatoka tena, chini kushoto. Hapo nikaomba bunduki ya klabu, nikatia risasi za boksi lile lile, nikalala pale pale. Matundu matano yakashikana yakawa tundu moja lenye kingo za kuchanika. Zile karatasi mbili ninazo, nimeziandika tarehe.

Nikaanza kuikagua. Mtutu wa bunduki ya namna hii hautakiwi kugusa mbao ya mbele, maana ukigusa hautetemi sawasawa kila risasi inapopita. Nikapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao, kikakwama nusu ya njia, upande wa kushoto. Mbao imeegemea chuma. Kisha nikatazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuza. Kwenye ukingo, chini, pana kidonda kidogo, chuma kimebonyea. Pale ndipo risasi inapoagana na mtutu. Ukingo usipokuwa sawa, gesi hupenya upande mmoja kwanza na kuisukuma risasi kombo. Mtu hawezi kulenga akarekebisha kasoro hiyo.

Nikawapigia dukani. Kabla sijalipa nilikuwa "bosi wangu", simu ikilia mara moja inapokewa. Sasa kijana akanijibu kwamba huenda mkono wangu hautulii. Nikamtumia picha za karatasi zote mbili. Akasema basi ni risasi. Nikamwambia risasi ni za boksi moja. Akahamia kwenye darubini ya kulengea, ati ndiyo mbovu. Nikafunga ya klabu, hali ikawa ile ile. Mwisho akasema ni unyevu wa Mombasa. Unyevu wetu hufurisha mbao, sikatai, lakini haubonyezi chuma! Tangu hapo fundi wao yuko safarini, meneja yuko mkutanoni, na ujumbe wangu wasomwa bila kujibiwa.

Kuharibika kwa bidhaa naweza kukuvumilia, kiwanda chaweza kukosea. Kinachoniuma ni kuambiwa mkono wangu ndio mbovu huku ushahidi uko mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Ilete tuitazame." Tena hili si shati la Marikiti ulirudishe kesho yake. Nambari ya bunduki imeandikwa kwenye cheti changu. Siwezi kuifunga kwenye mfuko na kuipakia basi la usiku. Kuirudisha kunataka vibali na duka lenyewe likubali kuipokea. Wao walijua hilo vizuri kuliko mimi, na nadhani ndilo wanalotegemea.

Basi nimekaa na wakili wa mtaani kwetu. Amenisomea ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Kuna pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31: ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa nawe ukamtegemea ujuzi wake, bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Lakini akanionya kuwa ukikaa nayo muda mrefu bila kuikataa, yahesabika umeikubali. Kwa hiyo nimeandika barua ya kuikataa, nadai pesa zangu au mtutu na kitako vipya, gharama na vibali juu yao.

Wewe uko Nairobi, na hapo ndipo nakuhitaji. Nakala mbili zimo kwenye bahasha hii pamoja na picha. Zipeleke dukani kwa mkono wako, ya kwanza waachie, ya pili wagonge muhuri na tarehe. Wakikataa kugonga, andika nyuma saa na siku uliyowafikishia. Usigombane nao. Na ile .22 uliyosema waagiza kwao, tafadhali usilipe hata amana mpaka hili langu limalizike.

Mama akusalimu sana, na auliza mtakuja lini.

Wako,
Swahiba wa Kibokoni