Tope la Kalehe na likelemba yetu

Mheshimiwa Mhariri,

Hapa Bukavu kila siku nasikia kwamba siku hizi mtu asiyekujua hakupi hata maji. Anayesema hivyo huenda hajawahi kulala njiani Kalehe, kati ya Goma na Bukavu.

Wengi tukitoka Goma tunapanda boti, na tuna sababu. Barabara ya Sake, Minova na Nyabibwe inafuata kando ya ziwa Kivu, chini ya milima ambayo ikilowa inashuka. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400. Kwa hiyo jioni moja, tukiwa ndani ya bisi (basi) kutoka Goma, udongo ulipotufungia njia baada ya Nyabibwe, hakuna aliyemsukuma dereva ajaribu kupita.

Mwanzo kila mtu alikumbatia mfuko wake, tukatazamana kwa kuviziana. Aliyetutoa hapo ni mama mmoja mchuuzi wa fromaji (jibini) ya Masisi. Watoto walipoanza kulia njaa, alikata bidhaa yake mwenyewe, akagawa hadi kwa askari aliyekaa pembeni. Baada ya hapo midomo ikafunguka. Pasta na kijana motari (mwendesha pikipiki) walibishana kuhusu mpira karibu usiku kucha (pasta ana mdomo kuliko nilivyodhani). Wenyeji walitushushia bugali na sombe (majani ya muhogo). Haikuwa na chumvi, lakini ilikuwa ya moto, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Wanawake na watoto wakapewa nyumba ya kulala. Tulipotaka kulipa, mwenye nyumba alikasirika kabisa.

Siwezi kuisifu barabara kwa ajili hiyo. Milima ile inahitaji miti, na barabara inahitaji mifereji, na wenye madaraka wanalijua hilo. Jipu moja lenye viti vitupu liligeuza kurudi Goma mbele ya macho yetu bila kumchukua mtoto aliyekuwa na homa. Watu wa namna hiyo pia wapo.

Ila sisi wa bisi ile tunafanya likelemba, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, kila mwisho wa mwezi, huku Kadutu. Mama wa fromaji ndiye mtunza pesa. Motari alipofiwa na baba yake, tulikaa naye matanga tangu siku ya kwanza, na pasta ndiye aliyezika.

Anakosekana papa (mzee) mmoja aliyeshuka Katana asubuhi, akasahau koti alilomfunika mtoto yule. Papa, ukisoma barua hii, mtoto alipona. Njoo soko la Kadutu, uulize mama wa fromaji. Koti lako analo.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu