Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: tuzuie na magari yetu Kitulo

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAGARI YETU NA BUSTANI YA MUNGU

Mimi ni fundi wa magari, Tabata, hapa Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ni difu na gia boksi, na wateja wangu wengi ni wapenda pori: watu wa Land Cruiser na Land Rover kuukuu, tairi pana, winchi mbele, mkonga wa hewa juu. Kwa hiyo nitakachokuomba kinanikata mfukoni mimi mwenyewe. Naomba miezi ya mvua utuzuie kupanda na magari yetu Uwanda wa Kitulo, ile hifadhi ya maua ya Nyanda za Juu Kusini ambayo watu huiita Bustani ya Mungu.

Februari tulitoka Dar magari manne. Barabara ya Mbeya unaijua: Mikumi, Kitonga, Makambako, hadi Chimala, zaidi ya kilomita 700, lami tupu. Chimala ni joto na mpunga. Hapo ndipo tulipoacha lami na kuanza kupanda kwenda Matamba, mji mdogo ulio karibu na hifadhi, kwa ile njia wenyeji wanayoiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Nilianza kuzihesabu kwa sauti. Kwenye arobaini na kitu hesabu ikanipotea, maana kona ya mbele lilichomoza Fuso la viazi, lumbesa zimepangwa mpaka turubai limefura, na mmoja wetu ilibidi arudi nyuma. Fuso halirudi nyuma pale. (Chipsi unazokula Sinza au Kinondoni, mara nyingi viazi vyake vimeshuka kwenye milima ya huko. Tangu siku ile nikiziona nakumbuka breki.)

Juu ni dunia nyingine. Mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, baridi ya kuvaa koti saa saba mchana, hakuna mti, ni majani na ukungu mpaka macho yanachoka. Na maua. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua zaidi ya kitu kingine chochote, jambo ambalo halikuwa limefanyika katika hifadhi ya taifa yoyote ya Afrika ya kitropiki. Kuna aina kama 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Mimi si mtu wa maua, Mheshimiwa. Lakini nilipiga magoti kwenye majani yaliyolowa kuangalia okidi moja isiyozidi urefu wa kidole, nyeupe, yenye mistari ya zambarau kooni, na nikakaa pale mpaka suruali ikaloa yote. Mbayuwayu wa buluu walikuwa wanapita chini kabisa, karibu na kofia yangu.

Shida yenyewe ndiyo hii: maua hayo yanachanua kuanzia Novemba mpaka Aprili, yaani masika yakiwa yamekolea. Ardhi ikiwa tope ndipo bustani inapendeza, na ardhi ikiwa tope ndipo sisi tunapopanda, kwa sababu tope ndilo tunalolifuata. Nisikudanganye. Kwenye kundi letu safari isiyo na gari lililokwama haihesabiwi safari.

Siku ya pili tulifika mahali njia imekuwa dimbwi. Gari la kwanza likaingia, likazama mpaka difu. Tukashusha upepo wa tairi, tukaweka gia ya nguvu, tukafunga kamba, likatoka kwa taabu. La pili halikutaka kuzama. Likapita pembeni, juu ya majani. La tatu likakuta alama za la pili zimeshakuwa tope, likapita pembeni zaidi. La nne lilikuwa langu. Nikapita upande wa pili kabisa, nikajisifu kwamba sikukwama. Dakika ishirini hivi, njia ya upana wa gari moja ikawa ya upana wa magari manne. Kutoka nje ya njia ndani ya hifadhi ni kosa, na tulijua. Tungeulizwa, tungesema barabara ndiyo mbaya.

Tuliporudi kesho yake tulimkuta mzee amesimama palepale, buti za mpira miguuni, koti zito, fimbo. Tukasimama kusalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Ni nyinyi mliopita hapa jana?"

Hakuna aliyejibu haraka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alama za tairi zangu zilikuwa zimejaa maji, mifereji miwili iliyonyooka, na maji yalikuwa yanatembea kufuata mteremko. Mzee akayaonyesha kwa fimbo, hakupaza sauti.

"Mvua zote zitakazokuja zitashika njia yenu. Mwakani mkipita mtayakuta mbali."

Akatuaga akaenda zake. Mimi nashughulika na vyuma, najua kitu kilichokatika kinaunganishwa. Yale majani sikujua ningeyaunganisha kwa nini.

Nikufikirishe na hili, kwa kuwa Dar tunapenda kudhani mambo ya kule ni ya kule. Sehemu kubwa ya maji ya milima ile hushuka bonde la Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu ndio unaojaza bwawa la umeme la Mtera, megawati 80, ukaenda Kidatu, megawati 204, ukamalizikia Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Taa ya gereji yangu ina deni kule juu. Na mto huo umeshatuonya: tangu mwaka 1993 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Sisemi ni tairi zetu. Lawama kubwa iko Usangu, kwenye umwagiliaji na mifugo. Lakini majani yale ya juu ndiyo sponji inayoshika mvua na kuiachia kidogokidogo, na mfereji wa tairi unafanya kinyume chake.

Sasa ninachoomba. Usituwekee lami mpaka ndani. Lami italeta mabasi. Njia iliyopo ichongwe mitaro, iwekwe kalavati na changarawe pale panapotuama maji, ibaki moja na nyembamba, ili mtu asipate kisingizio cha kupita pembeni. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili magari binafsi yaishie Matamba. Anayetaka kuona maua apande kwa miguu na kijana wa pale, au kwa gari moja la pamoja linalokwenda na kurudi kwa njia hiyohiyo.

Wenzangu wananiambia nitaua utalii. Ngoja niwape hesabu ya safari yetu. Mafuta tulijaza Dar na Makambako. Nyama, mchele, maji ya kunywa, hata mkaa, tulibeba kutoka Dar. Mahema yetu. Matamba tulinunua chai, vitumbua na ndoo moja ya viazi. Watu kumi na moja, siku nne! Tungeacha magari pale tungelala kwenye vyumba vyao, tungekula kwao, tungemlipa mtu wa kutuongoza. Tope letu halikumlipa mtu.

Na kile kilichokuwa kizuri kuliko vyote katika safari ile tulikifikia kwa miguu. Maporomoko ya Numbi hayakufikika kwa gari, kwa bahati yao. Tuliteremka kama saa nzima, majani yanatupiga kiunoni, na muda mrefu tulikuwa tunasikia tu, mvumo kama wa lori linalopanda mbali bila kufika. Kisha ukungu ukapasuka, na maji yakawa mbele yetu yakidondoka meupe kwenye bonde la kijani. Mwenzetu mmoja, ambaye tangu Chimala hakuwa ameacha kuzungumzia winchi yake mpya, alikaa juu ya jiwe na hakusema neno mpaka tulipoondoka. Kumi na mmoja tulipita kwenye kijia kimoja, na tuliporudi niliangalia makusudi: kilikuwa na upana uleule.

Jambo dogo la mwisho. Matangazo mengi ya safari za porini huwa na picha ya gari likirusha tope mpaka kwenye kioo. Zinavutia, najua, nami ninazo ukutani gerejini. Kwa Kitulo, wawekeeni watu picha ya ua.

Kama kuna faini ya tulichokifanya Februari, niko tayari kulipa sehemu yangu. Gari langu lipo uani, sijaliosha chini. Kuna majani ya Kitulo yamekauka kwenye chesisi. Mwakani nitapanda tena Hamsini na Saba, maua yakichanua, na gari nitaliacha Matamba hata kama hakuna atakayeniambia niliache. Ningefurahi nikimkuta kijana wa pale ananisubiri na buti zake.

Wako,
Fundi wa Tabata,
Dar es Salaam