Shemeji, kabla hujawasha mashine

Shemeji, salaam. Dada ameridhia niandike haya hadharani, mradi nisitaje jina wala mtaa.

Siku ya mazishi nilinyamaza. Mtoto alizaliwa bila fuvu la juu, hakufika magharibi. Wazee wakasema ni jicho, wengine wakamtazama dada kana kwamba kuna kitu alichokula kwa siri. Wewe siku ya tatu ulikuwa kwenye mashine unasaga, na hakuna aliyekulaumu.

Leo nikusimulie ya Brownsville, mji wa Texas unaotazamana na Matamoros ya Mexico, mto katikati. Mwaka 1991, katika hospitali moja, walizaliwa watoto watatu kama wetu ndani ya saa 36. Watu wakanyoosha vidole ng'ambo, kwenye moshi wa viwanda. Familia zikashtaki, na mwaka 1995 kampuni zikakubali kulipa. Ila wachunguzi hawakuona kemikali ya kiwandani ya kubebeshwa lawama.

Kumbe msimu wa 1989 kuelekea 1990, farasi wa Texas walikuwa wanakufa, ubongo umelainika, baada ya kula mahindi yenye ukungu. Sumukuvu iliyowaua inaitwa fumonisini. Iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Na wakazi wa bonde lile wengi ni watu wenye asili ya Mexico, tortila ya mahindi kwao ni kama ugali kwetu. Utafiti uliotoka 2006 ukaonyesha kwamba kadiri mama alivyoila sumu hiyo zaidi mwanzoni mwa mimba, hatari ilipanda, mpaka kwenye kiwango cha juu kabisa ambako ilishuka. Yawezekana mimba hizo ziliharibika kabla ya kuhesabiwa. Huo si ushahidi kwamba sumu hiyo ndiyo iliyowapata wale watatu. Ila usiku ule niliposoma, niliyafikiria magunia yako.

Fumonisini huzuia chembe za mwili kupokea foleti, vitamini ya kundi B, na foleti inahitajika ili mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo ujifunge. Hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Mwanamke anakuwa ndiyo kwanza anajiuliza mbona siku zimepita! Vidonge vya asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, dada alivipokea kliniki mimba ikiwa na miezi minne.

Marekani waliamuru unga wa ngano na nafaka nyingine uongezwe asidi ya foliki kuanzia 1998. Unga wa tortila ukaachwa. Ruhusa ilikuja 2016, tena kwa hiari. Miaka 18 walaji wa mahindi wako nje ya mlango. Hapa Tanzania kanuni za 2011 ziliwabana wenye viwanda vikubwa, lakini unga wa mashine za mitaani kama yako unatoka kama mahindi yalivyoingia. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye mashine, kinapima na kudondosha virutubishi wakati unasaga. Kwa ule unga unaofungasha na kuuza, nakuomba ukiulizie.

Sisemi unga wako ndio uliotufanyia hivi. Na usikimbilie dona ukidhani umepona: sumu hii hukaa zaidi kwenye pumba, kwa hiyo mahindi mabaya ukiyasaga bila kukoboa unaipeleka yote mezani. Kupika hakuiondoi. Kuchambua punje zilizooza na kukausha vizuri kunasaidia sana kuipunguza.

Kuhusu dada: aliyewahi kupata mtoto wa namna hii anapewa dozi kubwa ya asidi ya foliki, kama mara 10 ya ile ya kawaida, na anaanza kabla ya kushika mimba. Jaribio lililotangazwa Uingereza mwaka 1991 lilipunguza marudio kwa asilimia 72. Dozi hiyo inaandikwa na daktari, kwa hiyo mpeleke sasa, msingoje kuona dalili za mimba.

Jumamosi nakuja. Tuanze na yale magunia ya nyuma yaliyonyeshewa, na usiniambie utawapa kuku.