Geuzeni usukani mtazame tairi upande wa ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye magari wenzangu, wauza matairi na askari wa usalama barabarani. Mimi ni mfanyabiashara wa mboga na matunda, nakaa Soni, wilayani Lushoto. Gari langu ni Toyota Noah, mtumba wa Japani, viti vya nyuma nimeving'oa. Mara tatu kwa wiki nalipakia karoti, kabichi na hoho, na msimu ukifika plamsi na peasi, nateremka Mombo, nashika barabara kuu ya Korogwe na Segera, napita Muheza mpaka Tanga mjini. Naendesha mwenyewe tangu 2016.

Machi 2023 nilinunua matairi mapya manne kwa shilingi 640,000. Kwa mtu wa karoti hiyo si hela ya kuchezea. Nilijiambia nimetulia, sitanunua tena karibuni. Ilipofika Julai, kijana wangu wa kupakia aliingia chini ya gari kutafuta spana iliyomdondoka, akaniita: "Mama, hebu njoo uone." Tairi la mbele kushoto, ukilitazama umesimama, lilikuwa zima kabisa. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vya uso wa tairi, zimesimama, mifereji ina kina, hata ule weusi wa upya haujaisha. Lakini ukingo wa ndani, upana wa vidole vitatu hivi, ulikuwa umelika mpaka waya zinachungulia, nyembamba, zinang'aa kama sindano za kushonea. Nilikaa palepale kwenye vumbi, miguu imeisha nguvu. Juzi yake tu nilikuwa nimeteremka kona zote za Soni hadi Mombo na mzigo umejaa, pembeni yangu nimempa lifti jirani aliyepakata mtoto.

Nilirudi nilikonunua. Jibu likawa fupi: hilo ni tairi la bei ya chini, mama, chukua la juu. Mwingine wa duka la pili akasema ni kona zenu za milimani, hakuna tairi linalodumu huko. Nikawaamini wote wawili. Nikanunua mawili ya bei ya juu, nikafunga mbele. Oktoba ukingo wa ndani wa tairi la kushoto ulikuwa umeanza kuondoka tena, palepale.

Sasa nisikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nilipelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima pale Korogwe. Nilipomwamkia na kuanza kumweleza, hakuligusa gari. Aliuliza: "La zamani liko wapi?" Kwa bahati lile la Julai nilikuwa nalo nyuma, nalitumia kuzuia matenga yasiteleze. Akalilaza juu ya stuli, akaniambia niweke kiganja juu ya uso wa tairi nikipitishe taratibu, kutoka ukingo wa ndani kwenda wa nje. Kikateleza laini. "Haya, rudi." Nikarudisha mkono, kutoka nje kwenda ndani, kila kashata ikanikwaruza kama meno ya msumeno mdogo. Jicho halikuona kitu, lakini kiganja kilikuwa kimeshaelewa.

Ndipo akapiga jeki, akalishika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalitikisa. Likagonga kochokocho. Ncha ya tai rodi, kile chuma kinacholigeuza gurudumu ukizungusha usukani, ilikuwa imelegea, na mpira wa bushi kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu ulikuwa umechanika kama ndala iliyokatika kamba. Akanieleza hivi: kila nikikanyaga breki kwenye mteremko, gurudumu lile lilikuwa linarudi nyuma kidogo na kugeukia nje, kama mtu anayetembea miguu imetazama kando. Gari linakwenda mbele, tairi linataka kwenda pembeni. Kwa hiyo halibingiriki tu, linaburuzwa. Na kutoka Soni hadi Mombo ni breki tupu. Kona nazo zinakula tairi, hilo ni kweli, lakini kona hula zaidi mabega ya nje, na hula kulia na kushoto. Haziwezi kuchagua ukingo wa ndani wa tairi moja.

Vipuri na ufundi vilinigharimu 145,000, na alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, niliyopiga Tanga kesho yake 40,000. Jumla haifiki hata theluthi ya yale matairi manne. Fundi alinisisitizia kitu kimoja ambacho sijawahi kuambiwa na muuza tairi yeyote: alaimenti hupigwa baada ya kubadilisha vilivyolegea, si kabla. Ukipima magurudumu wakati bushi imechanika, vipimo vitasoma vizuri gari likiwa limesimama, ukikanyaga breki ya kwanza vinahama. Wangapi tumelipia alaimenti ya namna hiyo, tukatoka tumeridhika na karatasi mkononi?

Tangu siku hiyo naangalia matairi ya kila gari ninaloegesha karibu nalo, sokoni Lushoto na kule Tanga. Ukishaelekezwa unaona mengi. Likilika katikati tu, upepo umezidi, gari linasimama juu ya mgongo wa tairi. Likilika kingo zote mbili na katikati pamebaki, upepo ni mdogo. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka uso mzima, ukipitisha mkono unapanda na kushuka, tazama shokapu kwanza, halafu balansi, yaani kama uzito wa gurudumu umelingana pande zote. Na likilika ukingo mmoja kama langu, usinunue jipya kabla gari halijapandishwa jeki.

Hapo kwenye upepo niseme zaidi, kwa sababu sisi wa milimani tuna tatizo letu. Asubuhi Soni ni ukungu na baridi. Ukifika Mombo jua limewaka, breki zimechemka kwa ule mteremko, matairi ukiyagusa yana moto. Vijana wa upepo wanapima, wanashtuka: "Mama, yamejaa sana haya, yatapasuka." Wanapunguza. Kesho alfajiri tairi likiwa baridi linakuwa pungufu, na wewe unapakia kilo mia kadhaa za kabichi juu yake. Tairi pungufu linajikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto jingi kuliko lile walilokuwa wanaliogopa. Upepo unapimwa kabla gari halijatembea. Nilinunua gheji yangu ndogo, inakaa kwenye mfuko wa mlango.

Na kipimo chenyewe kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kwenye Noah yangu maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni zilezile tunazosoma sote. Zimeandikwa kwa kPa, gheji zetu nyingi zinasoma PSI, vyote ni vipimo vya upepo, basi gawa kwa 7 unapata karibu sawa: 230 inakuwa 33. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi, mara nyingi 44 au 51, ni mwisho ambao tairi lenyewe halipaswi kuvuka. Nimeona watu wanajaza kwa kuifuata ile, kisha wanashangaa tairi linalika katikati na gari linaruka ruka kwenye rasta na matuta kama mpira.

Kuhusu kuchagua la kununua, nina kovu jingine. 2019 kaka yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam matairi mawili ya mtumba, kashata nene kuliko za matairi mapya ya dukani. Tulifurahi. Tukayafunga nyuma. Mchana mmoja wa jua kali, nimeshapita Muheza naelekea Tanga, la kulia likaanza kupiga kelele, pa-pa-pa-pa, kisha uso wake wote ukabanduka kama ganda la mua, ukachapa bodi mpaka ikapinda. Nilishika usukani kwa nguvu, sikukanyaga breki, nikaondoa mguu kwenye mafuta nikaliacha gari lipungue lenyewe hadi pembeni. Mungu alisaidia, hapakuwa na gari nyuma yangu karibu.

Nilipoliokota lile gamba, kisha nikausoma ubavu wa tairi lenyewe, kulikuwa na neno STUDLESS. Baadaye ndipo nikajua maana yake. Ni tairi la theluji, wanalotumia Wajapani miezi ya baridi. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu, ndiyo sababu kashata zake zina vichanio vingi vidogo vidogo vya kung'ata barafu. Kwenye lami ya Tanga mwezi wa pili mpira huo unalainika na kuisha haraka. Magari mengi ya mtumba yanashuka bandarini yakiwa nayo, na mengine yanavuliwa yanauzwa. Anayeuza anakuonyesha unene, na unene kweli upo.

Umri nao ulikuwepo, umeandikwa. Tafuta kwenye ubavu herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka namba nne za mwisho, kwenye kiduara chake. Lile langu lilisomeka 3810: wiki ya 38 ya mwaka 2010. Miaka tisa. Namba hizo mara nyingi zipo ubavu mmoja tu, na likifungwa upande wa ndani huzioni tena bila kulala chini, kwa hiyo zisome kabla halijapanda kwenye ringi. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi lililotumika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi litolewe hata kama kashata zimejaa. Huku kwetu, kwenye joto na mizigo, mimi nafsi yangu sisubiri kumi.

Kitu cha mwisho cha kusoma ni uzito. Noah yangu inavaa 195/65R15, na mbele ya hapo kuna 91. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Muuzaji mmoja alikosa saizi yangu akanishawishi nichukue 185/65R15 yenye 88, "ringi ni ileile, inaingia." Kuingia inaingia. Lakini 88 ni kilo 560, pungufu ya kilo 55 kwa kila tairi, 220 kwa yote manne. Hayo ni magunia mawili ya viazi ambayo gari langu lingeyabeba bila tairi kuwa na uwezo nayo. Nilikataa, nikalala Tanga siku ile nikisubiri saizi yangu.

Na ukiwa na hela ya mawili tu, funga mapya nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Najua wengi watabisha, nami nilibisha. Lakini mvua ikinyesha, tairi la mbele lililochoka likiteleza utalisikia kwenye usukani na utapunguza mwendo. La nyuma likiteleza kwenye kona, gari linazunguka kabla hujajua. Kwenye barabara yenye ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, mimi sina la kubishana tena.

Kwa hiyo maombi yangu, Ndugu Mhariri. Wauza matairi, mteja akija na tairi lililoisha, msilitupe kwenye rundo na kumtajia bei. Lilazeni chini, lipitisheni mkono, mwambieni lililika vipi na aanzie kwa fundi gani. Mtauza tairi leo au wiki ijayo, lakini mtamuuzia mtu aliye hai. Na kwenye risiti mwandike zile namba nne za wiki na mwaka, kama mnavyoandika saizi.

Askari wetu wa barabarani, nawashukuru kwa kutusimamisha na kutazama vipara. Lakini mnatazama mkiwa mmesimama, na lile tairi langu la Julai lilipita mbele yenu mara nyingi likiwa na waya nje. Mwambieni dereva azungushe usukani mpaka mwisho, kulia, kisha kushoto. Tairi la mbele litageuka na ukingo wa ndani utakuja wenyewe hadharani. Hakuna kifaa kinachohitajika, na ni sekunde chache tu. Madereva, nanyi fanyeni hivyo nyumbani kabla hamjaondoka, na mtazame vile vituta vidogo vya mpira ndani ya mifereji: uso ukishuka ukalingana navyo, imebaki milimita 1.6 na tairi hilo limemaliza kazi. Vitazameni kwenye mfereji wa ndani kabisa, si ule unaoonekana.

Mimi nafanya hivyo kila alfajiri kabla ya kupakia. Lile tairi la Julai sijaliuza wala kulitoa kwa washona makubadhi, waliokuja kuliulizia mara mbili. Nimeliegemeza ukutani nje ya stoo yangu hapa Soni, upande wa ndani ukitazama barabara. Dereva yeyote anayepita akitaka kulipitishia kiganja, asimame, karibu sana.

Msomaji wako,
Muuza mboga,
Soni, Lushoto, Tanga