Metropolisi ni mji mama, si 'jiji kubwa'

Mhariri,

Juzi nikiwa ndani ya matatu kutoka Donholm, nilimsikia mtangazaji wa redio akimjibu msikilizaji aliyetaka kujua maana ya neno metropolisi. "Ni jiji kubwa sana," akasema, kisha akaweka muziki. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na jibu hilo limenikwama kooni tangu siku hiyo.

Hilo 'jiji kubwa' lenyewe ni kuongeza maji juu ya maji, kwani ukubwa umo tayari. Chukua mji, toa m-, weka ji- ya ukubwa kama tufanyavyo kwa mtu na jitu, mti na jiti, nawe umepata jiji. Likitanguliwa na ki- ya udogo linakuwa kijiji, sawa na kijiti na kijito. Wanafunzi wangu walikataa kata kata nilipowaambia kwamba jiji na kijiji ni ndugu wa tumbo moja, hasa wale walioona haya kutaja ushago, yaani kijijini kwao.

Serikali nayo hupima jiji kwa hesabu ya watu. Nairobi ilipewa hadhi hiyo tarehe 30 Machi 1950 kwa hati ya Mfalme George wa Sita. Sheria yetu ya mwaka 2011 ilidai wakazi 500,000 kabla mji haujaitwa jiji. Marekebisho ya 2019 yakashusha kiwango hadi 250,000. Jiji likapunguzwa kwa kalamu! Nakuru ikaingia 2021, Eldoret 2024.

Metropolisi haipimi idadi wala eneo. Ni maneno mawili ya Kigiriki, la kwanza mama, la pili mji. Wagiriki wa kale waliposafiri baharini kwenda kuanzisha makao mapya, mji waliotoka ndio ulioitwa hivyo. Watu wa Korintho walijenga Sirakusa, kule Sisilia, karne ya nane kabla ya Kristo. Sirakusa ikaja kuwa na nguvu kuliko miji mingi ya Wagiriki, lakini Korintho ikabaki kuwa mama. Huyo mtangazaji, kama alitaka neno la ukubwa, Wagiriki hao hao walikuwa nalo: megalopolisi, yaani mji mkubwa. Mwaka 1961 mwanajiografia Mfaransa Jean Gottmann alilitumia kuuelezea mnyororo wa miji ya Marekani kutoka Boston hadi Washington.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukuhitaji kwenda mbali kumtafuta mama. Tumbo la uzazi kwa Kiswahili huitwa mji wa mimba. Mwenye mji ni mwenye nyumba, anayekukaribisha. Mkikuyu ana mũciĩ, Mkamba ana mũsyĩ, yote mawili ni nyumbani, na sikio langu haliachi kuyaweka karibu na mji. Lugha iliyozoea kuliita tumbo la uzazi mji itashindwaje na 'mji mama'?

Kuna watakaosema hilo litachanganywa na mji mkuu. Sidhani. Mji mkuu ni kiti cha serikali. Dodoma ni mji mkuu, na hakuna anayedhani kwamba imeizidi Dar es Salaam kwa watu.

Nairobi yenyewe ni kitoto cha reli iliyofika hapa 1899, lakini imezaa. Waliochoshwa na kodi ya nyumba wamehamia Kitengela, Rongai, Ruiru na Mlolongo, na kila alfajiri wanarudi kwa mama kutafuta riziki. Wataalamu wa mipango wanapozungumzia Nairobi pamoja na Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, uhusiano huo ndio wanaoupanga, nao hautoki kwenye hesabu ya vichwa peke yake. Basi naomba gazeti lako liandike 'mji mama' pale panapohusika asili na uzao, na 'jiji na viunga vyake' pale panapohusika eneo. 'Jiji kubwa' tuwaachie wenye haraka.

Makanga wa matatu ile, lakini, hakungoja ruhusa yangu wala ya Mfalme George. Tulipokaribia Muthurwa alipiga bati mara mbili akapaza sauti: "Tao! Tao mwisho!" Tao ni 'town' ya Kiingereza kwa Sheng. Miaka zaidi ya sabini tangu ile hati, na kwake bado ni mji tu.

Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi